Kitabu Namba Mbili

9 Januari

Mpwa wangu Chaki,

Marahaba, hata kama bado hujaniamkia. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu na masikio yangu wameachana rasmi, na kila nikipigiwa najibu "ndiyo" kwa kila kitu. Ni hatari kwa mtu wa umri wangu.

Kitabu kimetoka! Historia ya dunia, kidato cha tano na sita, jalada la bluu, na nyuma yake picha yangu nimekunja uso kama nadai kodi. Nakala ya kwanza nimeiweka juu ya mto wa marehemu mkaza mjomba wako. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia, "Kila mwaka unawagombeza wanaoandika vitabu, si uandike chako?" Basi nimeandika. Tangu alipoondoka sijafanya jambo lingine la maana. Hata madirisha ya sebuleni sijayafungua, na vumbi la meza limekuwa ubao wangu, nachora mabara kwa kidole.

Nimesikia umo kwenye kamati ya kuwachagulia kitabu cha historia shule zote za juu za kanda yenu. Sikuombi kitu. Narudia ili usije ukasema sikusema: sikuombi kitu. Kikiwa kibovu, kitupeni. Mchapishaji kanieleza wazi kwamba shule zikikichukua atachapa tena, na zisipokichukua atawauzia wenye maduka wafungie vitunguu. Hayo ni kati yake na mimi.

Mimi mjomba wako,
Mzee Ramani


2 Februari

Shikamoo Mjomba,

Hongera sana, sana. Nimefurahi mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza nimeolewa na nani.

Kuhusu kamati, unajua siwezi kusema mengi. Nikueleze tu utaratibu, maana si siri. Vitabu vyote vimefunikwa makaratasi ya kaki, jalada na ukurasa wa jina vimefichwa, na kila kimoja kimepewa namba. Hatujui nani kaandika nini. Kisha tunavipitia juu juu, tunapiga kura, na kila mwalimu anaangukiwa na kitabu kimoja cha kusoma kwa makini, anafundisha sura yake moja mbele ya darasa la wanafunzi wa kweli. Sisi wengine tunakaa viti vya nyuma na kutazama. Mwenyekiti wetu, ambaye tunamwita Bwana Kanuni akiwa hayupo, anasema kitabu kisichofundishika ni gogo tu.

Kwa hiyo kikichaguliwa, Mjomba, kitakuwa kimechaguliwa chenyewe. Kisipochaguliwa, usinilaumu.

Fungua madirisha.

Mpwa wako,
Chaki


20 Machi

Chaki, mwenzangu,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ofisi yetu ya walimu ina masikio mengi kuliko viti, na haya ninayotaka kusema ni ya kukupamba. Nisije nikasikika.

Tangu tulipolala vitanda jirani chuo cha ualimu, mimi nikiwaamsha watu kwa makelele mpaka mkaniita Kengele, nimekuona ukifundisha mara nyingi. Sijawahi kuona kama juzi. Bwana Kanuni alifundisha kitabu namba moja, tukavumilia. Mimi nikafundisha namba tatu. Ni kitabu kizuri, kina vyanzo, kina maswali, kina maelezo ya kutosha, ila nilikifundisha kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Halafu ukaja wewe na namba mbili, sura ya tano, mapinduzi ya viwanda, mbele ya darasa langu mwenyewe, hawa hawa wanangu wa kidato cha tano ninaowajua kwa uvivu wao.

Ukawaambia waandike sentensi ileile moja, tena na tena, mpaka saa ya ukutani ifike saa nne. Wakaandika. Sisi nyuma tukaanza kupiga miayo. Yule mrefu wa dirishani akasema, "Mwalimu, saa hii mbona haitembei?" Ukamjibu, "Andika." Mwingine akasema mkono unamuuma. "Andika." Tulipokaribia kukukataza, ukaishusha saa ukutani, ukawaonyesha kuwa uliirudisha nyuma ulipokuwa unafuta ubao. Ukasema wako matajiri wa viwanda waliowafanyia vibarua wao hivyo hivyo, na kibarua hakuruhusiwa kuingia na saa yake. Darasa likalipuka! Wanangu wamechukia dhuluma ya watu waliokufa zamani kana kwamba wao ndio waliodhulumiwa. Bado wanabishana mpaka leo.

Ndiyo maana mikono yote ilikwenda kwa namba mbili. Nami nilikiacha changu nikanyoosha wa kwangu. Kitabu chenye mambo kama yale ndicho watoto wanachokihitaji kabla ya mtihani wa mwisho.

Wako,
Kengele


4 Aprili

Chaki mpwa wangu,

Nimefungua madirisha yote. La jikoni limegoma, nimelivunja.

Mchapishaji aliniandikia kwa herufi kubwa, akijua macho yangu nayo yanafikiria kuniacha. Shule zote za kanda! Nilikaa kitandani upande wa marehemu, nikamsomea barua ile kwa sauti. Nikitembea sasa, watu niliofanya nao kazi wananisimamisha. Yule mwalimu wa jiografia, ambaye miaka yote alisema mimi ni msimulizi tu wala si mwandishi, amevuka barabara kuja kunishika mkono. Nimekwenda duka la vitabu nikasimama karibu na rafu nikijifanya natafuta kamusi.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Nakushukuru kwa kutonisaidia. Ulinieleza habari za makaki na namba, nami nikazihifadhi moyoni. Ningechaguliwa kwa sababu mpwa wangu yumo kamatini, furaha hii ingekuwa ya kuazima. Lakini walikisoma hawanijui, wakakipenda. Hakuna aliyenibeba. Katika maisha yangu yote sijapata zawadi kama hiyo.

Mjomba wako mwenye furaha,
Mzee Ramani


19 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua nimeipata. Nimefurahi kwamba madirisha yako wazi. Huku mvua inanyesha kila siku, na paa la maktaba linavuja upande wa kamusi. Nina mitihani ya kusahihisha, kwa hiyo nitakuandikia vizuri baadaye.

Vaa sweta jioni.

Mpwa wako,
Chaki


27 Mei

Chaki,

Hii si ya kukupamba.

Vitabu vimefika, nimeanza kuvitumia, na nimekwama. Wanafunzi walivipokea kwa shangwe, kila mmoja akafungua sura ya tano kutafuta kisa cha saa. Hakimo. Nami nimekitafuta, sura ya tano, kisha kitabu kizima mpaka faharasa. Kilichomo ni mstari mmoja unaosema vibarua walifanya kazi kwa muda mrefu katika mazingira magumu. Mmoja! Halafu tarehe, halafu majina ya mashine, halafu tarehe tena. Wanangu wanaitwa werevu, lakini kwa kitabu hiki wanasinzia kwa zamu. Insha zao ni orodha za miaka. Binti wa mbele, yule anayeuliza kila kitu, ameniuliza kwa nini mwalimu mgeni alikuwa na kitabu kizuri na wao wamepewa kibaya. Nikamwambia ni kilekile. Akanitazama kama nimemdanganya.

Mtihani wa mwisho hautawauliza tarehe, Chaki. Utawauliza kwa nini. Na kitabu hiki hakijui kwa nini.

Jambo lingine. Makaki yametolewa sasa, na nyuma ya jalada kuna picha ya mwandishi amekunja uso. Pua ile naijua. Nimeiona kitanda cha jirani miaka miwili chuoni, ikikoroma usoni kwako.

Sijamwambia mtu, wala sitasema. Lakini wewe utasema?

Kengele


8 Juni

Kengele mwenzangu,

Ni mjomba wangu, kaka wa mama. Ndiye aliyenifundisha historia nilipokuwa kidato kama hao wako, ndiye aliyeniita Chaki kwa sababu nilikuwa nikiziiba. Alikuwa akichora ramani ya dunia nzima ubaoni bila kuutazama, uso wake kwetu, mkono nyuma, na mabara yanatokea mahali pake.

Nilimjua ukurasa wa kwanza. Kila sura yake inaanza kwa kusema siku hiyo upepo ulikuwa unatoka wapi. Hakuna mtu mwingine duniani anayeanza hivyo. Nilipookota karatasi ya kura nikaona namba mbili, nilipaswa kusimama palepale niseme, "Huyu ni damu yangu, mpeni mwingine." Bwana Kanuni angebadilisha, basi. Nikajitia hamnazo. Nilijidanganya kwamba nikisema nitakuwa nimevunja siri ya makaki. Ona jinsi nilivyokuwa mwaminifu!

Kisha nikaisoma sura ya tano, nikaogopa. Mjomba ninayemkumbuka hakuwemo. Baada ya ule upepo wa mwanzo hakuna kitu. Nadhani aliposhika kalamu aliona aibu ya kuwa msimulizi, akavaa suti. Nikafikiria nyumba yake yenye madirisha yaliyofungwa, na hivyo vitunguu, hadithi ndefu nitakusimulia. Nikaamua kumrudisha mwenyewe. Kisa cha saa nakikumbuka kutoka kwake, nikakiingiza, na ninyi nyuma mkadhani mimi nasoma kitabu. Sikusema uongo hata mara moja. Nilifundisha tu. Na ndiyo sababu silali vizuri, maana ningesema uongo wa wazi, angalau ningeuweka mahali nikauona.

Halafu ameniandikia kunishukuru. Ananishukuru kwa kutomsaidia, Kengele. Nimeisoma barua ile nikiwa chooni shuleni ili nisionekane nikilia.

Nipe wiki chache. Nitamwambia yeye kwanza, kisha Bwana Kanuni, kabla shule hazijathibitisha oda ya vitabu vya wanafunzi wapya. Sitaki alisikie kwa mchapishaji. Wanao waazime namba tatu kwa sasa; mimi ninazo nakala mbili za kamati, nakutumia.

Chaki


18 Juni

Chaki mpwa wangu,

Uko kimya siku hizi kama mtu aliyevunja sahani. Au ni mitihani tu? Mimi nina habari!

Mkuu wa shule moja ya kanda yenu amenialika. Anasema wanafunzi wake walikipenda kitabu tangu siku ya majaribio, walipofundishwa sura ya tano wakapiga kelele kwa furaha. Nikaambiwa mpaka leo wanaizungumzia. Sikumbuki kuandika kitu cha kumpigisha mtu kelele, lakini mwandishi ndiye wa mwisho kujua. Nimenunua viatu. Nitawasomea sura hiyohiyo kwa sauti yangu, maana ndiyo waliyoipenda.

Wiki ijayo natoka. Nikirudi nitakueleza kila kitu, hata walichovaa.

Mzee Ramani


20 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, kwa hiyo nitasema haraka kabla sijaichana na hii.

Nilikisaidia kitabu chako. Kilikuwa namba mbili, kikaangukia mikononi mwangu, nikakijua kuwa ni chako, nikanyamaza. Siku ya kufundisha sikufundisha kilichoandikwa. Nilifundisha kisa cha saa ya kiwandani kilichorudishwa nyuma, kama ulivyokuwa ukitufundisha wewe darasani. Kamati ikadhani kimo kitabuni. Ndiyo maana kilishinda. Mjomba, nisamehe kwa ninalolisema sasa: kitabu ni kikavu. Wewe si mkavu, lakini kitabu ni kikavu. Wanafunzi wanakisinzilia, nao mtihani wa mwisho ndio utakaowachagulia vyuo. Rafiki yangu anayewafundisha ameniambia wazi, nami nilijua kabla yake. Kila nilipotaka kukuambia niliyaona madirisha yako.

Jumatatu nitakwenda kwa mwenyekiti niseme yote. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Nimekukosea, na nimewakosea watoto wa watu.

Chaki


26 Juni

Chaki,

Amekuja leo. Mkuu wetu ndiye aliyemwalika, mimi nimejulishwa asubuhi akiwa ameshakaa ofisini na viatu vipya. Nimekupigia mpaka betri imekwisha, hupatikani. Sikujua kama umeshamwambia. Nilimtazama usoni nikajua hujamwambia, au barua haijamfika.

Amesoma sura ya tano, yote. Kisha binti wa mbele akanyoosha mkono.

Yaliyobaki atakwambia mwenyewe. Mimi sikuweza kumzuia, na nimejilaumu siku nzima.

Kengele


16 Julai

Mwalimu,

Nimekuita Mwalimu. Usidhani ni heshima, ni kwamba lile jina jingine halijaweza kutoka kalamuni.

Ulitaka niwe wa kwanza kujua. Nilikuwa wa mwisho. Niliwasomea sura ya tano nikiwa nimesimama, kwa sauti niliyokuwa naitumia zamani. Wana adabu, wanafunzi wa rafiki yako. Walisinzia macho wazi. Nimefundisha miaka mingi mno nisiijue ile sura ya mtoto anayekutazama huku hayupo. Nikadhani ni joto. Nikasoma kwa nguvu zaidi. Kisha msichana wa mbele akanyoosha mkono akauliza, nami sikusikia, akarudia, sikusikia, basi akaenda ubaoni akaniandikia, mbele ya mkuu wa shule na walimu wote: "Mzee, kwa nini kile kisa cha saa hukukiandika?"

Sikujua anauliza nini. Nikamtazama rafiki yako, akainamisha kichwa. Hapo nikaelewa kwamba kuna jambo wote wanalijua ila mimi. Nikamjibu mtoto kwamba kisa hicho nimekiweka kwenye toleo lijalo. Nimesema uongo ubaoni, mahali ambapo sikuwahi kusema uongo. Kisha nikawachorea ramani ya dunia nikiwa nimewatazama wao, wakapiga makofi, na hilo ndilo pekee lililokuwa langu siku hiyo.

Nilipofika nyumbani barua yako ilikuwa chini ya mlango.

Nilikasirika. Nilifunga madirisha, lile la jikoni nikaliziba kwa boksi. Mchapishaji naye ameandika. Kamati imekuondoa, shule zinachukua namba tatu, na historia ya dunia inakwenda kuvaliwa na vitunguu. Ni haki. Ulifanya sawa kwenda kwa mwenyekiti, japo ulikwenda kwa kuchelewa, kama kila kitu katika shughuli hii.

Nikusahihishe jambo moja, maana bado mimi ni mwalimu. Kisa cha saa si changu. Darasani kwangu saa haikuwa na betri miaka yote uliyosoma, uliza yeyote. Nilisema mara moja tu, kwa kupita, kwamba matajiri wengine walizirudisha saa nyuma. Aliyekuwa akichezea saa ni dada yangu, mama yako. Alikuwa akizisogeza mbele ili nyinyi mlale mapema naye apumue. Umeokota neno kwangu, ukaokota mkono wa mama yako, ukapika somo lako mwenyewe, ukanivisha mimi. Kwa hiyo hata zile kelele za furaha nilizoambiwa hazikuwa zangu. Zilikuwa zako. Mimi nilitembea nazo tu barabarani kwa viatu vipya.

Kunisaidia nakusamehe. Kufundisha vizuri siwezi kukulaumu, ndicho nilichokulea ukifanye. Lakini uliniacha nikushukuru. Barua ile ya Aprili ulikuwa nayo mkononi, ukanijibu habari za paa la maktaba na sweta. Hilo bado. Labda mwakani.

Juzi nilichukua nakala moja nikaivisha kaki. Nikaficha jina, nikaandika namba mbili, nikakaa kiti cha nyuma, yaani kile cha ukumbini, nikaisoma kama nyinyi. Sura ya kwanza nilijikaza. Ya tatu nilipiga miayo. Ya tano nililala, nikaamka miwani iko sakafuni. Rafiki yako Kengele mwambie alisema kweli, na kwamba mkaza mjomba wako angeniambia hivyohivyo siku ya kwanza, bila makaki.

Nimeanza sura ya tano upya. Bado upepo upo, hapo sibadilishi, lakini baada ya upepo nimemweka kibarua anayetazama saa ukutani. Ni kurasa mbili tu, zimo ndani ya bahasha hii. Zisome kama mtu asiyenijua. Ukisinzia, safari hii niambie.

Mjomba wako